Mpini wa Mwiko

"Huo ni mpini wa mwiko wangu!"

"Ni kijiti tu, mama Philbert. Toka nje, wanawake hawaruhusiwi humu."

"Kijiti? Kijiti gani kina doa la moto palepale nilipouangusha jikoni mwaka juzi? Nimesongea ugali kwa mpini huo miaka sita, Anatoli. Nimemchapa Theodosia kwa ajili yake! Nilisema kaupoteza kisimani. Mtoto kaapa kwa Bikira Maria mpaka sauti ikamkauka, na wewe umekaa mlangoni unatafuna karanga, kimya!"

Walikuwa wanapayuka wote wawili, na wasingeweza kufanya vinginevyo. Ndani ya kibanda kile cha bati hakuna aliyewahi kusema neno la kawaida likasikika. Hatua ishirini nyuma ya ukuta, kinu cha mgodi kilikuwa kinatwanga mawe: michi kumi ya chuma, kila mmoja mzito kama fahali, ikipanda na kushuka tangu alfajiri hadi jua kuzama. Bati lilitetemeka. Taa iliyoning'inia kwenye msumari ilitetemeka. Kikapu cha chakula alichokuwa amekishika Marsiana kilitetemeka, na viazi vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vinagongana taratibu kana kwamba viko hai.

Marsiana hakuwa amekuja kugombana. Alikuwa amemletea mumewe chakula kama kila siku, na kama kila siku angekiacha mlangoni. Lakini leo mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, naye akachungulia. Miaka miwili tangu watoke Kibimba na mizigo kichwani, wakatembea siku tatu mpaka kwenye mgodi huu wa dhahabu hapa Nyarubungo, hakuwahi hata mara moja kuiona kwa macho hiyo swichi ambayo mumewe aliajiriwa kuilinda.

Sasa aliiona. Lilikuwa sanduku la chuma, kubwa kama mbuzi aliyelala, limejaa mafuta ndani, limesimama kwa miguu minne iliyofungwa kwa nati kwenye sakafu ya zege. Nyaya nene ziliingia upande mmoja zikitoka kwenye injini kule mtoni, zikatokea upande wa pili kwenda kwenye kinu na kwenye pampu ya chini ya shimo. Ubavuni kulikuwa na mkono wa chuma, na mkono ule ulishikwa na kulabu ndogo. Na nyuma ya kulabu, umekazwa kwa nyundo kama kabari ya jembe, palikuwa na mpini wa mwiko wake.

Angeweza kudhani ni namna ya kuifunga tu. Tatizo ni kwamba Anatoli alipenda kujisifu. Jioni, akishapata kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, aliwaeleza majirani habari za swichi kana kwamba ameizaa yeye. "Hiyo kulabu ina akili kuliko karani," alikuwa akisema. "Waya ukikatika huko chini, umeme ukatoroka ukamwendea mtu, kulabu inajua. Inauachia mkono, swichi inaanguka, umeme unakatika papo hapo. Mtu anapata mshtuko, anatukana, anaendelea na kazi." Marsiana alikuwa amesikia hadithi hiyo mara hamsini. Aliijua kama sala ya jioni.

"Kulabu inaachiaje," aliuliza, "ikiwa imekazwa na kabari?"

Anatoli alijifuta mafuta mikononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nakuuliza wewe, baba Philbert. Inaachiaje?"

"Haiachii."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Mwezi wa Machi ndipo mpini ulipopotea. Na sasa ulikuwa Juni, na Jumanne iliyopita Niyonsaba, mtu wa pampu, alikuwa amepandishwa kutoka shimoni akiwa amekauka mkono mmoja kama tawi lililochomwa. Karani aliandika kwamba aligusa waya kwa uzembe wake. Wakamzika Jumatano.

Marsiana aliweka kikapu chini.

"Kwa hiyo hakufa kwa uzembe," alisema. Hakupayuka, na Anatoli hakusikia, lakini aliona midomo yake.

"Nisikilize kwanza!" Anatoli alimshika mkono. "Unafikiri nilipenda? Kulabu ina akili, sawa, lakini haiwezi kutofautisha umeme uliotoroka na kinu kinachotwanga! Zege hili ni moja. Limemwagwa siku moja, toka kwenye kinu mpaka hapa. Mchi ukishuka kule, huku swichi inaruka. Ikiruka, kulabu inachomoka. Mara kumi na tatu kwa siku, Marsiana! Mara kumi na tatu swichi inaanguka bila sababu, kinu kinasimama, pampu inasimama, na kila kinu kikisimama mnyapara anaongeza muda wa zamu. Watu walikuwa wanatoka usiku. Walinijia hapa, watu wa nyumbani kabisa, Wahangaza wenzetu. Wakaniambia Anatoli, unatuua kwa swichi yako."

"Ukaona bora uwaue kweli."

"Nikatia kabari."

"Bwana Mashine je? Si yeye ndiye fundi wao mkubwa? Hukumwambia?"

"Nilimwambia Januari. Alikuja, akaweka kiganja chake hapa juu, akatikisa kichwa. Akasema swichi inataka mpira chini ya miguu. Tandiko la mpira la kumeza huo mtikisiko."

Marsiana alitazama miguu minne ya chuma iliyokaa juu ya zege tupu. Jambo lenyewe halikuhitaji Mzungu. Mwanamke yeyote aliyewahi kupanga mitungi miwili kwenye sakafu moja na kinu cha kutwangia mihogo alijua kwamba usipoweka ngata ya nyasi chini ya mtungi, mtungi utapasuka. Swichi ilikosa ngata tu.

"Na mpira uko wapi?"

"Akasema ataagiza Ulaya. Mpaka ufike, tukate vipande kwenye lile tairi bovu la lori. Akamwagiza Halfani wa stoo. Kisha akaenda likizo kwao, na hajarudi."

"Halfani akafanya nini na tairi?"

Anatoli aligeuka akajifanya kuangalia kioo cha kupimia mafuta.

"Baba Philbert. Tairi liko wapi?"

Alikuwa ameinamisha macho. Marsiana alifuata macho ya mumewe kuelekea chini, akafika miguuni pake mwenyewe.

Zilikuwa katambuga nzuri. Nyayo za mpira mweusi mnene, na mistari ya tairi bado inaonekana chini, mikanda imepigiliwa misumari midogo kwa ustadi. Anatoli alimletea siku ya Pasaka. Kabla ya hapo Marsiana hakuwahi kuvaa kitu mguuni tangu azaliwe. Alienda nazo misa ya Pasaka, akapita katikati ya kanisa taratibu kuliko ilivyokuwa lazima, na wanawake wote wakageuza shingo. Aliposhika njia ya kurudi, mke wa katekista alimuuliza alikozipata. Naye akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye mambo haya si mageni kwake, "Mume wangu anafanya kazi ya umeme."

Alihisi nyayo zinawaka.

"Ulijua," alisema. "Ulijua tairi ni la nini, ukaenda kuchagua saizi yangu."

"Tairi lilikuwa limeshakatwa! Nilipofika stoo nilikuta fundi viatu amebakiza kipande. Ningerudisha jozi moja, ingesaidia nini? Watu wanakanyaga mawe yaliyotoka kinuni, Marsiana. Wewe mwenyewe ulinichomoa kipande cha jiwe kisiginoni kwa sindano."

Hapo mlango ulizibwa na kivuli, na Halfani mwenyewe akaingia, kanzu ameipandisha kwa mkono isiguse mafuta. Alikuwa mtu wa Biharamulo mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani na vitambaa na chumvi, na familia yao haijaacha kuuza kitu tangu siku hiyo. Alikuwa mcheshi, mwenye salamu kwa kila mtu, na hakuna aliyemchukia.

"Hodi jamani! Shemeji, vipi, umeajiriwa nawe? Mnyapara anauliza kelele za nini. Nimemwambia ni mapenzi."

"Halfani," Marsiana alisema, "tairi la swichi umelifanya nini?"

Tabasamu la Halfani lilibaki usoni, ila halikuwa na kazi tena. Alimtazama Anatoli, kisha kabari, kisha miguu ya Marsiana.

"Kumbe ndiyo hayo," alisema. "Shemeji, tusitafutane. Nimekaa na tairi lile mwezi mzima, nangoja mtu aje na msumeno. Hakuna aliyekuja. Watu walikuwa wanakuja stoo miguu inavuja damu, wananiomba magunia wafunge. Nikaita fundi viatu. Jozi moja kwa kuku mmoja, na fundi alichukua nusu ya kuku hao. Muulize mtu yeyote hapa kama hakunishukuru. Muulize huyu mumeo."

"Niyonsaba naye alikushukuru?"

"Niyonsaba alikuwa wa kwanza kununua!" Halfani alisema, na papo hapo akatamani asingesema.

Wote watatu walitazama ukutani. Kwenye misumari iliyopangwa karibu na mlango, hapo ndipo watu wa pampu walipotundika katambuga zao kabla ya kushuka, maana tope la shimoni lilikuwa linazivuta miguuni na kuzikata mikanda. Walishuka peku ili wasiziharibu. Jozi ya Niyonsaba bado ilikuwa inaning'inia pale tangu Jumanne. Hakuna aliyethubutu kuichukua, na hapakuwa na wa kupelekewa. Alikuwa amevuka mto kule Rusumo peke yake, na kama alikuwa na mke au mama ng'ambo, hakuna aliyejua jina la kilima chao.

Ilikuwa inatikisika pale ukutani, kiatu kimoja kikigusa kingine, tik, tik, tik, kufuata michi.

Marsiana alikumbuka Jumatano. Alikuwa makaburini. Alisimama na wanawake wengine, mikono kifuani, akaitikia sala, akarudi nyumbani kuweka maharage motoni. Hakuuliza kitu. Mtu aliyepewa kazi ya kulinda umeme usiue mtu alikuwa amelala kitandani kwake usiku ule, anajigeuza huku na huku, naye akamwambia aache kumvutia blanketi. Marehemu angekuwa mtoto wa mtu wa Kibimba, Marsiana angeuliza. Kwa mtu wa ng'ambo, neno uzembe lilimtosha.

Na leo aliuliza kwa nini? Kwa ajili ya mwiko. Kisha kwa ajili ya jambo jingine, ambalo lilikuwa linatembea kuja huku wakati huohuo likipiga mluzi.

"Shikamoo mama!" Philbert alipayuka akiingia. "Baba, shikamoo. Mzee Halfani, shikamoo. Mbona mmesimama kama mko msibani?"

Alikuwa mwanaume wa miaka ishirini, mrefu kuliko baba yake, ameshavua shati tayari kwa kazi. Juzi mnyapara alikuwa amemwita na kumpa nafasi ya Niyonsaba kwenye pampu. Leo saa sita, honi ikilia, angeshuka kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameoa mwezi wa pili, na kazi ya pampu ilikuwa na heshima kuliko kusukuma matoroli. Aliinama, akavua katambuga zake, akazitundika kwenye msumari uliofuata, kando ya zile za Niyonsaba.

"Ulijua anashuka leo," Marsiana alimwambia mumewe.

"Nilikuwa nataka kuitoa kabari kabla hajashuka. Honi ikilia tu, naitoa."

"Ikitoka, swichi itaanguka mara kumi na tatu. Watakuja tena Wahangaza wenzako. Utairudisha."

"Sitairudisha."

"Kama ulivyoitoa Jumanne? Niyonsaba amepandishwa maiti, mkono umekauka, na leo nimeikuta kabari palepale! Mpaka amekufa mtu hukuitoa!"

"Ningeitoa siku ile wangeona!" Anatoli alipasuka. Macho yalikuwa yamemwiva. "Wangeuliza, mbona kuna kabari? Ningefungwa, Marsiana. Kuvunja mkataba tu ni kifungo, sembuse hili. Nani angewalisha? Nilisema ngoja yapoe. Nilisema Bwana Mashine atarudi na mpira, nitauweka kimyakimya, hakuna atakayejua, na…"

"Na Niyonsaba atakuwa alikufa kwa uzembe."

"Ndiyo," alisema Anatoli. "Ndivyo nilivyosema moyoni. Ndiyo."

Philbert alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Hakuwa mjinga. Naye alikuwa amekua akisikia habari za kulabu yenye akili. Aliitazama kabari kwa muda mrefu, kisha akamtazama baba yake kwa namna ambayo Marsiana angetoa chochote asiione.

Halfani alikohoa. "Sikilizeni, nina wazo. Philbert aseme anaumwa tumbo leo. Nitaongea na mnyapara, amtume mwingine. Wiki ijayo…"

"Mwingine nani?" aliuliza Marsiana.

"Yeyote tu. Kuna vijana watatu wamevuka juzi kutoka Rusumo, wanatafuta ka…"

Hakumaliza. Mbali kidogo, kwenye mdomo wa shimo, mtu alikuwa anagonga chuma kuwaita watu wa zamu wajipange. Ilikuwa bado robo saa kabla ya honi.

Hilo wazo lilikuwa limempitia Marsiana kichwani kabla Halfani hajalifungua mdomoni. Lilikuwa limeshafika, limekaa, limejitengenezea nafasi: tumbo la kuumwa, kijana mwingine, karani na kalamu yake.

Aliinama, akavua katambuga ya kulia, akavua ya kushoto. Sakafu ilimtetemesha nyayo mpaka magotini.

"Vua zako," alimwambia mumewe.

"Nini?"

"Vua!"

Anatoli akavua. Marsiana akaenda ukutani, akashusha jozi ya Philbert, kisha ile ya Niyonsaba, akazipanga zote sakafuni mbele ya swichi kama mtu anayepanga viazi sokoni.

"Miguu minne," alisema. "Katambuga nane. Mbili mbili kila mguu. Zinatosha?"

Anatoli alizitazama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulikuwa wa fundi. Alipiga magoti, akabonyeza wayo wa mpira kwa kidole gumba. "Tukitoboa tundu la nati katikati. Na kipande kingine juu, chini ya nati yenyewe, la sivyo nati itarudisha mtikisiko ndani. Nikate visigino vya hizi kubwa." Akainua kichwa. "Lakini siwezi kuigusa umeme ukiwemo. Lazima iangushwe, na injini izimwe kabisa. Kinu kitasimama mpaka jioni. Pampu pia. Maji yatapanda shimoni."

"Walio chini wana ngazi?"

"Wanazo. Maji hupanda polepole, watatoka wote bila kulowa magoti. Lakini mnyapara atakuwa hapa kabla sijafungua nati ya kwanza. Ataiona kabari. Utakuwa mwisho wangu hapa, mama Philbert."

"Utakuwa mwisho wako hapa," alisema Marsiana. Hakumbembeleza, wala hakumdanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. "Wakikufunga, nitarudi Kibimba na watoto, nitalima. Nitakuletea chakula kama ninavyokuletea sasa. Lakini utamwambia Mzungu wao kwa mdomo wako kwamba Niyonsaba hakuwa mzembe. Au nitamwambia mimi, na Kiswahili changu hiki cha sokoni."

"Shemeji, taratibu basi," alisema Halfani. "Na mimi je? Tairi lilikuwa stoo kwangu."

"Wewe ni muuzaji mzuri, Halfani. Utapata la kusema."

Nyundo ilikuwa juu ya kasha la vifaa. Anatoli aliitazama, lakini mkono wake haukwenda. Marsiana alihesabu michi ikishuka, mmoja, miwili, mitatu, minne. Aliona tena mkono wa mumewe, mkono ule ambao ulikuwa umeuchonga mpini wa mwiko wake taratibu kwa kisu huku yeye amelala, na akajua kwamba ukiachiwa utangoja tena yapoe.

Akaichukua nyundo yeye.

"Usiguse chuma!" Anatoli alipiga kelele. "Mti tu! Piga mti, kutoka chini!"

Akapiga. Mpini haukusogea, ulikuwa umekaa miezi mitatu. Akapiga tena, kwa nguvu ya mtu aliyetwanga maisha yake yote, na mpini ukachomoka, ukaruka, ukagonga bati, ukaanguka karibu na kikapu cha viazi. Hapo hapo mchi mmoja ukashuka kule kinuni, zege likatikisika, kulabu ikachomoka, na swichi ikaanguka kwa kishindo ndani ya mafuta yake.

Michi ikasimama. Bati likaacha kulia. Ukimya uliingia kibandani ghafla mno hata Halfani akashika masikio. Nje, mtu alianza kutukana kwa Kisukuma, na sauti ya mnyapara ikasikika ikiuliza ni nani, ni nani tena.

"Philbert," Marsiana alisema. Kwa mara ya kwanza hakuhitaji kupayuka, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Kimbia mtoni. Mwambie mtu wa injini azime, na asiwashe mpaka baba yako amwambie. Kimbia."

Philbert akatoka mbio peku juu ya mawe. Marsiana akaokota mpini, akauweka juu ya swichi mahali ambapo mtu yeyote atakayeingia angeuona kwanza. Wakangoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Injini ikakohoa kule mbali, ikapunguza kasi, ikazimika.

Anatoli akapiga magoti. Akaweka spana kwenye nati ya mguu wa kwanza, akaegemea kwa uzito wake wote mpaka nati ikalia na kugeuka. Hatua za watu zilikuwa zinakaribia. Hakugeuza kichwa.

"Lete ya kwanza," alisema, akinyoosha mkono nyuma.

Marsiana akampa ya Niyonsaba.